Kupiga Hema Kando ya Mto Colorado, Jirani na Moab

Barabara namba 128 ya jimbo la Utah, nchini Marekani, huanzia penye daraja la Mto Colorado kaskazini kidogo ya mji wa Moab, na kwa zaidi ya kilomita 40 hufuatana na mto huo, maji mekundu yenye tope yakiwa upande mmoja na magenge ya mawe ya mchanga yakiwa yamesimama wima upande wa pili. Kati ya lami na maji, kila mahali ambapo mto umeacha kipande cha ardhi tambarare, pametengwa kambi ndogo: Goose Island, Granstaff, Drinks Canyon, Hal Canyon, Oak Grove, Big Bend, na mbele zaidi Hittle Bottom na Dewey Bridge. Kambi hizi zinasimamiwa na BLM, idara ya serikali kuu yenye dhamana ya ardhi ya umma. Utakachokikuta ni meza, duara la chuma la kuwashia moto, choo cha shimo na nafasi ya kusimika hema. Maji ya bomba hakuna, umeme hakuna, duka hakuna, na katika sehemu kubwa ya korongo simu haishiki mtandao.

Kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Salt Lake City, safari ya kufika hapa ni ya takriban saa nne kwa gari, na kwa wanaoishi Denver ni karibu saa sita. Nimelala katika kambi hizi kwenye majira ya kuchipua na majira ya kupukutika kwa majani, pamoja na familia na wakati mwingine peke yangu. Nilichojifunza kuliko vingine vyote ni kwamba usiku mwema huamuliwa katika nusu saa ya kwanza baada ya kufika, kabla mzigo haujashushwa, wakati mtu anapochagua hema likae wapi. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mahali. Vifaa nitavitaja pale vinapohitajika.

Msimu, nafasi na malipo

Miezi mizuri ni kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, na tena Septemba na Oktoba. Mwezi wa Julai joto hupita nyuzi 38, na magenge yaliyopigwa na jua mchana kutwa hurudisha joto hilo usiku, hivyo kwamba ndani ya hema hapalaliki hadi karibu na usiku wa manane. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni theluji ya milima ya Rocky huyeyuka na mto hujaa. Maji yakianza kushuka na kuacha madimbwi, mbu huzaliana kwa wingi, na usubi nao huwa wamekwisha kuwasili. Katika miezi ya kuchipua tofauti kati ya mchana na usiku inaweza kuwa kubwa mno, kwa hiyo mtu aliyeshinda na fulana asishangae akitafuta kofia ya sufu saa nane za usiku.

Nafasi za kawaida hazihifadhiwi mapema: anayetangulia ndiye anayepata. Katika msimu wenye wageni wengi, anayefika Ijumaa jioni kwa kawaida hukuta kila nafasi ina hema. Mimi hufika Jumatano au Alhamisi, kati ya saa nne na saa sita mchana, wakati waliolala wanapofungasha, na huzunguka kambi polepole nikiangalia tarehe zilizoandikwa kwenye vipande vya risiti vilivyobandikwa kwenye nguzo. Oak Grove ni ndogo sana, ina nafasi 7 tu, na kwa maoni yangu ndiyo tulivu kuliko zote. Big Bend ni kubwa zaidi na ina ufuko mpana wa mchanga, jambo ambalo watoto hulipenda na upepo pia hulipenda.

Ada niliyolipa mara ya mwisho ilikuwa dola 20 kwa usiku mmoja. Chukua bahasha penye ubao wa matangazo, andika tarehe, namba ya nafasi na namba ya gari, weka fedha, tumbukiza bahasha katika sanduku la chuma na bandika kipande chako kwenye nguzo. Beba noti ndogondogo, kwa maana hakuna wa kukurudishia chenji. Kadi ya mwaka ya kuingilia hifadhi za taifa hailipi ada ya kambi, lakini kadi za wazee na za watu wenye ulemavu hupunguza ada hiyo kwa nusu. Usijaribu kulala kando ya barabara nje ya kambi zilizotengwa. Katika korongo hili imekatazwa.

Kusoma mahali kabla ya kushusha mzigo

Ukishapata nafasi, zima gari na utembee kwa miguu huku mikono ikiwa mitupu. Anza kwa kutazama juu. Kwenye uso wa genge utaona michirizi myeusi inayoshuka kutoka ukingoni hadi chini. Hiyo ndiyo njia ya maji, na mvua kubwa inaponyesha kwenye uwanda wa juu, michirizi hiyo hugeuka maporomoko ndani ya dakika chache. Tafuta pia mabaka ya rangi iliyopauka katikati ya jiwe lenye rangi ya kutu. Baka la namna hiyo linaonyesha mahali ambapo jiwe limemeguka si muda mrefu uliopita, na ukiteremsha macho utaliona jiwe lenyewe, au vipande vyake, vimelala chini na kingo zake bado kali. Hema lisikae hapo, hata kama kivuli chake kinavutia.

Kisha tazama ardhi. Makorongo ya pembeni, ambayo mengi huwa makavu kwa muda mrefu wa mwaka, humwaga maji yake katika mto huu, na midomo yao ndiyo hatari iliyojificha kuliko zote, kwa sababu mchanga wake ni laini na tambarare kama umetandazwa kwa ajili ya hema. Alama za maji ni rahisi kuzisoma ukijua unachokitafuta: matope yaliyokauka na kupasuka kama vigae, kokoto zilizojipanga kwa mistari, na vijiti na nyasi vilivyonasa kwenye matawi kwa kimo cha goti au cha kifua. Kimo cha takataka hizo ndicho kimo cha maji yaliyopita. Kuanzia Julai hadi Septemba mvua za ngurumo huangukia milima ya La Sal, upande wa kusini-mashariki, wakati anga juu ya kambi yako ni la buluu tupu. Maji husafiri, nawe hupati onyo lingine isipokuwa mngurumo wake. Tarehe 20 Agosti 2022 mafuriko ya ghafla yalipita katikati ya mji wa Moab wenyewe. Msomaji wa Kenya atakumbuka msiba wa Hell's Gate, karibu na Naivasha, mwezi wa Septemba 2019, ambapo maji yaliwakuta watu ndani ya korongo jembamba wakiwa matembezini. Kinachotokea ni kilekile: mwamba haunywi maji, kwa hiyo yote hukimbilia mahali pamoja.

Mto mkubwa wenyewe hupanda taratibu zaidi, na unaweza kuupima. Simika kijiti penye ukingo wa maji unapofika, halafu kitazame kabla ya kulala na tena asubuhi. Maji yakianza kuleta povu, magogo na vijiti, na rangi yake ikazidi kuwa nzito, jua kwamba huko juu kuna mvua. Hema likae juu ya usawa wa nyasi za mwaka jana, na umbali wa kutosha kutoka kwenye ukingo, kwa kuwa kingo za mchanga humegwa kwa chini bila aliyesimama juu kujua.

Jambo la tatu ni miti. Kotonwudi ni miti mikubwa ya mtoni yenye kivuli kizuri, lakini matawi yake makavu huanguka bila kutoa taarifa, hata siku isiyo na upepo. Kaa pembeni mwa kivuli chake, si chini ya tawi lililokufa. Kisha fikiria jua litakakotokea na litakakozama. Katika majira ya joto nafasi inayopata kivuli cha genge mchana ina thamani kuliko ile yenye mandhari nzuri ya mto. Mwezi wa Oktoba mambo hugeuka, na utashukuru kupata miale ya mapema. Hewa ya baridi nayo huteremka na kutulia karibu na maji, hivyo hema lililo mita chache juu huamka likiwa kavu zaidi.

Kusimika hema katika mchanga

Mwezi mmoja wa Aprili nilisimika hema langu Hal Canyon kwa vigingi vyembamba vilivyokuja nalo, vyenye urefu wa shubiri moja, nikaenda kupika. Karibu na machweo upepo ulipanda korongo, kigingi cha kwanza kikachomoka mchangani kama sindano inavyotoka kwenye kitambaa, na kabla sijafika, kona tatu zilikuwa zimekwisha kuachia. Tulilishika hema kwa mikono, wanangu na mimi, kwa muda uliotosha kunifundisha.

Tangu siku hiyo hutumia njia ya kuzika. Chukua mfuko wa kitambaa, ujaze mchanga na uufunge kamba katikati; kipande cha mti kilicholetwa na mto, kinene kama mkono, kinafaa vilevile. Chimba mfereji mfupi uliokingama na uelekeo wa kamba ya hema, wenye kina cha kuanzia ncha za vidole hadi kwenye kiwiko. Laza mfuko ndani, toa kamba ikiwa imeinama kuelekea kwenye hema, fukia, mwagia kikombe cha maji ya mto na ushindilie kwa kisigino. Mchanga uliolowa hushikamana, na kamba ukiivuta utahisi inakataa. Fanya hivyo kwa kona nne na kwa kamba zote za turubai la nje, hata kama jioni ni tulivu. Upepo wa hapa mara nyingi huja alasiri au wakati joto la mchana linapovunjika. Mlango uelekee kinyume na upepo.

Kitandiko cha chini kiwe kidogo kuliko sakafu ya hema. Kikichomoza nje, kitakinga maji ya mvua na kuyapeleka chini ya godoro lako. Viatu vibaki nje, katika mfuko uliofungwa, na brashi ndogo iwe mlangoni, kwani mchanga ukiingia kwenye zipu huila hadi isiweze kufunga.

Maji

Hesabu lita 4 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, na uongeze za kupikia, za kuoshea vyombo na za kujisafisha. Kwa familia ya watu wanne na usiku mbili, mimi hujaza madumu matatu ya lita 20 mjini Moab kabla ya kuingia katika korongo, na dumu moja hulala ndani ya gari bila kuguswa mpaka siku ya kuondoka. Hewa hapa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu huanza kuumwa kichwa huku akidhani hajatoka jasho.

Ikitokea lazima utumie maji ya mto, usiyapeleke moja kwa moja kwenye kichujio, kwa sababu tope litakiziba baada ya vikombe vichache. Yachote kwenye ndoo jioni, uyaache yatulie usiku kucha. Wale waliokulia karibu na mito yenye tope huko nyumbani wanaijua shabu: koroga kipande kidogo ndani ya ndoo, na tope litajikusanya na kuzama. Mimina maji ya juu polepole, yachuje, kisha yachemshe kwa dakika moja kamili ya kutokota. Moab iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho dakika moja inatosha.

Choo hakina maji. Anayejisafisha kwa maji aende na kopo lake mwenyewe, na anayeamka alfajiri kutia udhu ayaandae maji kwenye meza tangu jioni. Kushuka mtoni gizani ni hatari, kwani udongo wa ukingoni huteleza kama sabuni na mkondo ulio karibu una nguvu kuliko unavyoonekana. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto anayecheza majini avae jaketi la kuokolea, hata kama maji yanamfika magotini. Mwezi wa Mei maji hayo ni theluji ya jana, na misuli hukaza haraka.

Moto na chakula

Tarehe 6 Aprili 2008 mtoto aliyekuwa akichezea viberiti katika kambi iliyo karibu na Dewey Bridge aliwasha vichaka vya ukingoni. Moto ulilifikia daraja la kale lililoning'inizwa kwa kamba za chuma, lililojengwa mwaka 1916, na ukateketeza mbao zake zote; nyaya na nguzo zilizobaki zinaonekana hadi leo. Kuni za moto ule zilikuwa vichaka, na kando ya mto huu vichaka ni vingi, hasa mitamariski, mmea uliotoka Ulaya na Asia na kuvamia kingo za mito ya magharibi mwa Marekani. Mingi imekufa ikiwa imesimama baada ya kuachiliwa mbawakawa wanaokula majani yake, na sasa ni mikavu kama makuti.

Kwa hiyo moto uwashwe ndani ya duara la chuma tu, na kwa kuni ulizonunua mjini. Kuokota kuni katika korongo hili kumekatazwa, hata zile zilizoletwa na mto. Kabla ya kuondoka nyumbani angalia kama kuna marufuku ya moto, ambayo hutangazwa mara kwa mara wakati wa kiangazi. Upepo ukianza, zima. Kuzima maana yake ni kumwaga maji, kukoroga majivu, kumwaga tena, kisha kuweka mgongo wa kiganja karibu na majivu na kutohisi joto lolote.

Kupika, tegemea jiko la gesi lenye kinga ya upepo. Maharage yachemshwe nyumbani, na mchuzi wa nyama ugandishwe katika mifuko miwili mitatu. Mifuko hiyo hufanya kazi ya barafu siku ya kwanza na huwa chakula siku ya pili, na jioni kinachobaki ni kusonga ugali. Sahani zifutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Maji ya kuosha yatapungua kwa nusu. Maji machafu yachujwe, masalio yaingie kwenye mfuko wa taka, na sabuni isifike mtoni wala katika vijito vya pembeni.

Chakula chote, pamoja na dawa ya meno, kilale ndani ya gari. Kunguru wa hapa hufungua zipu mchana kweupe, na panya hutoboa hema kwa ajili ya karanga moja. Panya ni jambo la kutiliwa maanani: ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na virusi vya hanta ulitambuliwa mwaka 1993 katika eneo la Four Corners, mahali mipaka ya majimbo manne inapokutana, kusini mwa hapa, na huenea kwa vumbi la kinyesi na mkojo wa panya. Ukikuta kinyesi kwenye meza, kiloweshe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kukifuta. Usikifagie kikiwa kikavu.

Nge, buibui mweusi mwenye alama nyekundu tumboni na nyoka wa njuga wote wapo. Kung'uta viatu asubuhi, kuvaa viatu vilivyofunika vidole usiku na kutoingiza mkono mahali macho hayafiki kunatosha kukulinda katika hali nyingi.

Ukitembea kutoka kambini

Karibu na kambi ya Granstaff kuna njia ya miguu inayoingia katika korongo la jina hilo, na ningemshauri kila Mwafrika aliyefika hapa aipite. William Granstaff alikuwa mfugaji mwenye asili ya Kiafrika aliyefika katika bonde la Moab mwaka 1877 na kuliacha mwaka 1881. Kwa miongo mingi ramani ziliita korongo hilo kwa jina la kudharau rangi yake, hadi mwaka 2017 lilipopewa rasmi jina lake la ukoo. Njia hufuata kijito, hukivuka mara nyingi, na huishia chini ya daraja la asili la Morning Glory, lenye upana wa mita 74. Chini ya daraja hilo humea mmea wa majani matatumatatu unaowasha kuliko upupu. Usiuguse, wala usiuchome.

Popote utakapotembea, kanyaga njia iliyokwisha kukanyagwa, jiwe tupu au mchanga wa mkondo mkavu. Udongo mweusi wenye vinundu unaoonekana kama ukoko wa wali ulioungua ni kitu hai, mchanganyiko wa bakteria, kuvu na kuvumwani wanaoshikilia mchanga usipeperushwe, na alama ya kiatu kimoja huchukua miaka mingi kupona.

Siku ya kuondoka

Fungasha hema wakati jua limekwisha kulifikia, ili umande ukauke na mchanga udondoke wenyewe. Fukua mifuko uliyoizika, umwage mchanga palepale na usawazishe mashimo. Pita chini ya meza na kuzunguka duara la moto ukiwa umeinama, kwa kuwa vifuniko vya chupa na vipande vya kamba vina rangi ileile ya ardhi. Gusa majivu kwa mara ya mwisho. Kisha ondoa kipande cha risiti kwenye nguzo, ili anayezunguka polepole na gari lake ajue kwamba nafasi ni wazi.